Emil Hansen, mtoto wa dobi aliyeifundisha dunia kulea hamira

Ukishuka basi la usiku kutoka Nairobi pale Mwembe Tayari, kabla hujapata hata tuktuk ya kukufikisha nyumbani, harufu ya mahamri imeshakufikia. Kuna mama mmoja hukaanga karibu na hapo, na siku moja nilimtazama anavyoanza kazi yake tangu jioni. Hamwagi hamira kwenye unga moja kwa moja. Anachukua kibakuli cha maji ya vuguvugu, kijiko cha sukari, anatia hamira, anafunika kwa sahani, kisha anaendelea kutwanga iliki zake. Dakika kumi baadaye anafunua. Kukiwa na povu, kazi inaendelea. Kukiwa kimya, kibakuli kinamwagwa na paketi nyingine inafunguliwa. Sukari nyingi na tui zito la mahamri ni mzigo kwa hamira, na mama huyu hataki kugundua saa kumi alfajiri kwamba donge lake limelala fofofo.

Jirani yangu hakujua hilo. Ni barobaro wa miaka 26, amehamia Pwani kikazi, na alikuwa amechoka na bei za bia za mjini. Akaamua ajipikie yake. Tena hakutaka ya kawaida, alitaka bia kali, ya asilimia 8. Kimea akapata, hopsi akapata, ndoo kubwa yenye kifuniko akapata. Hamira ya bia, kifuko kimoja cha hamira ya maji, alitumiwa na rafiki yake kutoka Nairobi kwa basi la mchana. Kifuko kikashinda kwenye buti, jua likiwaka kuanzia Mtito Andei mpaka Mariakani. Kilipofika Mwembe Tayari akakichukua, akakimwaga chote kwenye ndoo ya lita 20 na kufunika. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya nne utando mweupe ukatanda juu, na harufu ikawa ya siki iliyochanganyika na soksi. Lita 20 zikaishia mtaroni, na maze, ungeona uso wake.

(Kabla hujaniandikia barua: sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka mtengeneza pombe awe na leseni, na mimi simtetei mtu hapa. Na kama hujatimiza miaka 18, endelea kusoma kwa ajili ya mahamri.)

Kosa kama lile liliwahi kumtoa jasho tajiri mmoja wa Copenhagen mwenye kiwanda kizima. Aliyemwokoa ni mtu ambaye watengeneza bia wote duniani wanamjua, ingawa sisi wengine hatumtaji. Kama umewahi kuonja lager yoyote, Tusker ikiwemo, umeonja kazi ya mikono yake. Anaitwa Emil Christian Hansen.

Kutoka Ribe bila senti

Alizaliwa Mei 8, 1842, Ribe, mji wa kale kuliko yote ya Denmark. Nyumbani hakukuwa na kitu. Baba yake alikuwa amewahi kuwa askari katika kikosi cha wageni cha jeshi la Ufaransa kule Algeria, akarudi kwao kuwa mpaka rangi nyumba za watu. Mama yake alikuwa dobi. Emil mwenyewe alikuwa na ndoto ya kuwa mwigizaji wa jukwaani, ndoto ambayo katika nyumba ya aina ile ilikuwa sawa na kusema unataka kwenda mwezini. Akawekwa dukani, hakukaa. Akashika brashi ya baba yake, akapaka kuta. Halafu akajaribu bahati katika chuo cha sanaa Copenhagen, akitaka kuwa mchoraji hasa. Wakamkataa.

Hebu jiweke hapo. Una miaka ishirini na kitu, huna cheti, huna pesa, mlango wa kwanza umefungwa na wa pili pia. Hansen akapata kazi ya kufundisha watoto katika shamba kubwa la makabaila liitwalo Holsteinborg. Huko mashambani akaanza kupenda mimea, akawa anaokota majani na uyoga na kuuliza majina yake. Usiku anasoma. Ule mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao wenzake walioanza vizuri waliufanya wakiwa na miaka 18 au 19, yeye aliupita mwaka 1871 akiwa na miaka 29.

Chuoni Copenhagen aliingia sayansi ya viumbe. Ada aliitafuta kwa kufundisha na kuandika hadithi. Mwaka 1876, pamoja na rafiki yake Alfred Jørgensen, alichapisha kwa Kidenmark tafsiri ya kitabu cha Charles Darwin kuhusu safari ya meli ya Beagle. Mwaka huo huo alitunukiwa medali ya dhahabu ya chuo kikuu kwa utafiti wake juu ya kuvu wanaoota kwenye kinyesi cha wanyama. Ndiyo, umesoma vizuri. Alichunguza samadi mpaka akapewa dhahabu. Mtu wa aina hiyo hawezi kukereka akifunuliwa pipa la bia iliyooza, na hapo ndipo bahati yake ilipokuwa inamsubiri.

Hamira ndani ya sanduku la kofia

Tumwache kidogo, twende kwa tajiri. J. C. Jacobsen alikuwa mtengeneza bia wa Copenhagen asiyeridhika na bia ya kwao. Wakati ule Wajerumani wa Bavaria walikuwa na bia nyingine: inachachuka polepole kwenye baridi, hamira inazama chini badala ya kupanda juu na povu, na inakaa muda mrefu bila kuharibika. Siri ilikuwa hamira yenyewe. Mwaka 1845 Jacobsen akaenda Munich, kwenye kiwanda cha Spaten cha Gabriel Sedlmayr, akapewa hamira kidogo katika makopo mawili ya bati.

Sasa ilibaki kuifikisha Copenhagen, sehemu kubwa ya njia kwa gari la farasi. Hamira ni kiumbe hai, na joto linaiua. Inasimuliwa kwamba Jacobsen aliyatia yale makopo ndani ya sanduku lake la kofia, na kila kituo ambacho farasi walibadilishwa, yeye alishuka kutafuta maji baridi ya kuyamwagia. Abiria wenzake sijui walimwona vipi. Lakini hamira ilifika ikiwa hai, akailea, na mwaka 1847 kiwanda chake kipya nje ya mji kikaanza kupika. Akakiita Carlsberg, kwa jina la mwanawe Carl.

Nilipomsimulia jirani yangu kisa hiki alinyamaza sana. Jacobsen alikuwa na farasi, makopo ya bati na maji ya visima, na hamira yake ikafika. Yeye alikuwa na basi la kisasa.

Jacobsen alikuwa na imani kubwa na sayansi. Mwaka 1875 alianzisha maabara ndani ya Carlsberg, na mwaka uliofuata akaunda wakfu wa kuisimamia. Akaweka sharti ambalo wafanyabiashara wengi leo wangeliona wazimu: matokeo yoyote yenye maana yatakayopatikana humo hayatafichwa, yatachapishwa dunia nzima iyasome. Mwaka 1879 Hansen, aliyekuwa na umri wa miaka 37 na ametoka tu kupata udaktari kwa utafiti wa viumbe vidogo vinavyopatikana ndani ya bia, akawa mkuu wa idara ya fiziolojia ya maabara ile. Hakuondoka tena mpaka kufa.

Udongo wa chini ya mti

Kazi yake ya kwanza kubwa hapo haikuwa ya bia hasa, na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Swali lilikuwa hivi: matunda yakiiva sana yanachachuka yenyewe, hakuna aliyeyatia hamira. Hiyo hamira inatoka wapi? Na msimu wa matunda ukiisha inakwenda wapi?

Hansen akachagua hamira mwitu mmoja mwenye umbo rahisi kutambulika, seli yake imechongoka ncha mbili kama limau. Akamfuatilia mwaka mzima, jua na theluji. Akaonyesha kwamba wakati wa matunda kiumbe hiki kinaishi kwenye matunda matamu yaliyoiva, kikingoja ngozi ipasuke kiingie. Mvua na matunda yanayoanguka vinakishusha ardhini. Majira ya baridi yote kinalala kwenye udongo wa chini ya mti ule ule, na msimu ukirudi, upepo na wadudu wanakipandisha tena. Baada ya kifo chake, ukoo wa hamira wa aina hii ulipewa jina lake: Hanseniaspora.

Kwa hiyo ukipita chini ya mwembe wowote wenye maembe yaliyodondoka na kupasuka, ile harufu kama ya pombe inayokupiga puani, hao ndio ndugu zake. Na mnazi wetu unafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Mgema anashusha utomvu asubuhi, mtamu kama soda, hakuna aliyeutia kitu. Jioni unauma ulimi. Kesho kutwa ni siki. Hamira mwitu wanaingia wenyewe kutoka kwenye hewa, kibuyu na wadudu, wanagombania sukari, na baada yao wanakuja bakteria wa siki. Kwa mnazi hiyo si shida, kwa sababu unanyweka siku ile ile. Kwa bia inayotakiwa kukaa pishini miezi, ni msiba.

Bia ya Carlsberg yaugua

Msiba ukaja. Mwaka 1883 bia ya Carlsberg ya zamani, kiwanda cha mzee Jacobsen mwenyewe, ikaanza kutoka na ladha chungu mbaya na harufu isiyoeleweka. Kosa halikuwa kwenye kimea wala kwenye usafi. Mapishi yalikuwa yale yale, wapishi wale wale.

Wakati ule sauti kubwa katika mambo haya ilikuwa ya Louis Pasteur, ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima kuhusu bia na maradhi yake. Maelezo yake yalikuwa kwamba bia inaharibiwa na bakteria: safisha hamira yako isiwe na bakteria, bia itapona. Jacobsen alimheshimu Pasteur kupita kiasi. Hansen, ambaye alikuwa mwajiriwa tu, ilibidi amwambie bosi wake mambo mawili magumu. La kwanza, kwamba Pasteur alikuwa sahihi lakini hakuona yote, kwani hamira yenyewe inaweza kuwa ndiyo ugonjwa. La pili lilikuwa zito zaidi. Ile hamira ya Munich, iliyobebwa kwenye sanduku la kofia na kulelewa karibu miaka 40 kama mtoto wa nyumbani, haikuwa moja. Ndani yake mlikuwa na aina kadhaa zilizochanganyika, ikiwemo mwitu, na aina moja tu ndiyo iliyokuwa inatengeneza bia nzuri. Nyingine ziliongezeka taratibu, pipa baada ya pipa, mpaka zikaishinda ile njema.

Jacobsen hakukubali haraka. Ungekuwa wewe? Lakini hakumfukuza. Alimwachia athibitishe.

Seli moja

Kuthibitisha kulitaka kitu ambacho hakuna mtengeneza bia aliyekuwa nacho: hamira ya ukoo mmoja, kutoka kwa mama mmoja. Seli ya hamira haionekani kwa macho. Utaitoaje moja peke yake?

Hansen alitumia hesabu. Alichanganya hamira na maji, akachukua tone, akahesabu seli kwa hadubini. Tuseme tone lina seli 10. Tone jingine la ukubwa ule ule akalitia kwenye mililita 20 za maji safi yaliyochemshwa, akatikisa kwa nguvu ili seli zitawanyike. Halafu mililita moja moja akaigawa kwenye chupa 20 zenye maji matamu ya kimea. Seli 10, chupa 20: chupa nyingi zitakosa kabisa, baadhi zitapata moja, chache zitapata mbili au zaidi. Akaziacha zitulie bila kuguswa. Kila seli iliyotua kwenye kioo ilichipua ikawa doa dogo jeupe. Chupa yenye doa moja, basi mama ni mmoja. Yenye madoa mawili, weka kando. Baadaye alipata njia ya uhakika zaidi: kuzitandaza seli kwenye gelatini, kuiwekea alama moja chini ya hadubini na kuikodolea macho ikizaa.

Akapata aina nne kutoka kwenye hamira ya kiwanda na kupima kila moja peke yake. Moja ilitoa bia ile ile ambayo Copenhagen iliikumbuka. Akaiita hamira ya chini ya Carlsberg nambari 1.

Kutoka chupa mpaka pipa

Hapa ndipo jirani yangu alipokaza macho, na mimi pia, kwa sababu hapa ndipo penye siri ya jikoni. Sawa, una doa la hamira safi ndani ya chupa. Kiwanda kina mapipa ya maelfu ya lita. Ukilitupa lile doa ndani ya pipa utapata alichokipata jirani yangu: kimya, halafu mwitu. Maji ya kimea ni chakula cha kila mtu. Hamira yako ikiwa wachache au wachovu, inachukua siku kadhaa kujipanga, na wakati huo bakteria na hamira mwitu wameshaketi mezani.

Dawa ya Hansen ilikuwa kukuza kwa ngazi. Doa linahamishiwa kwenye chupa yenye maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa. Likishiba na kuongezeka, chupa hiyo inamwagwa kwenye chombo kikubwa zaidi, chakula kipya, hewa safi. Kisha kikubwa zaidi. Kila ngazi hamira inafika ikiwa na nguvu na idadi ya kulimiliki eneo lote haraka kabla mgeni hajaingia. Pamoja na Kühle, meneja wa Carlsberg ya zamani, alibuni mtambo wa kufanya hivyo mfululizo: silinda ya chuma iliyofungwa, hewa inaingia kupitia pamba inayozuia vijidudu, pana mpini wa kukoroga, na kila mara hamira inapotolewa kiasi fulani hubaki ndani kuwa mbegu ya mzunguko unaofuata. Chombo hicho ndicho babu wa matangi yote ya kukuzia hamira yaliyopo viwandani leo.

Mtu wa nyumbani haitaji silinda, lakini hesabu ni ile ile. Watengeneza bia wa siku hizi hutumia kanuni hii kwa bia za kuchachuka kwenye joto la kawaida: seli 750,000 kwa kila mililita, kwa kila digrii moja ya utamu wa maji ya kimea. Bia ya jirani yangu ilianza na utamu wa digrii 19 hivi, maana alitaka asilimia 8. Zidisha kwa mililita 20,000. Jibu ni karibu seli bilioni 300. Kifuko cha hamira ya maji kikiwa kipya huwa na kama bilioni 100, na chake kilikuwa kimechomwa na jua. Yaani alipeleka theluthi ya jeshi, na hata hiyo theluthi nusu yake ilikuwa maiti. Kwa lager ya baridi, kama ya Hansen, unahitaji mara mbili ya hapo.

Na usidhani kwamba bia kali inataka chachu kali. Ni kinyume chake. Chachu ya kuanzia hulelewa kwenye maji mepesi, gramu 100 za unga wa kimea kwa lita moja ya maji, kwa sababu sukari nyingi inazinyonya seli maji na kuzichosha kabla hata kazi haijaanza. Zinatakiwa zizaliane kwanza kwenye chakula laini, ndipo zikutane na mzigo. Unachemsha dakika 10 au 15, unapoza ukiwa umefunika, unatia hamira, unatikisa chombo kila unapopita ili hewa iingie, maana bila hewa hamira haijengi ngozi imara ya seli. Kwa hamira iliyochoka unaanza na nusu lita, kesho yake unaipandisha hadi lita 2 au 3. Ukimaliza unaiweka kwenye friji, inazama chini, unamwaga maji ya juu na kubaki na ule uji mzito. Joto la kufaa ni kama digrii 20 hadi 25. Mwembe Tayari mwezi wa Februari huwezi kupata joto hilo kwa maombi, kwa hiyo ni beseni la maji, barafu na kitambaa kilicholowa.

Nilipiga hesabu nyingine kwa kujifurahisha. Seli moja ikigawanyika mara 38 inafika bilioni 275, karibu kabisa na zile 300. Hamira iliyoshiba ikizaa kila baada ya saa 3, hizo ni siku 5 kasoro. Siku tano kutoka kwa mama mmoja asiyeonekana mpaka ndoo nzima ya bia kali. Ndiyo maana mtu aliyelelewa bila chochote aliweza kukaa na kulitazama doa moja kwenye kioo bila kupapatika.

Siku bia iliponywa

Novemba 12, 1883, kwa mara ya kwanza, Carlsberg ya zamani ilipika kwa hamira safi ya Hansen. Kilichotoka kilikuwa bia ile ya zamani, bila uchungu wala harufu. Majaribio yakarudiwa, na muda si mrefu kiwanda chote kikahamia hamira nambari 1.

Jacobsen sasa alikuwa na silaha ambayo hakuna mshindani wake aliyekuwa nayo. Angeifungia kabatini, nani angemlaumu? Lakini kulikuwa na lile sharti lake mwenyewe la kutoficha kitu, na labda alikumbuka pia kwamba hamira yake ya kwanza alipewa na Sedlmayr wa Munich. Njia ya Hansen ikachapishwa yote. Hamira yenyewe ikagawiwa bure kwa watengeneza bia wengine walioiomba. Jacobsen alifariki mwaka 1887 akiwa Rome, hamira ya nyumbani kwake ikiwa imeshasambaa katika nchi nyingi.

Ndiyo sababu karibu lager zote za dunia leo zinachachushwa na hamira wa jamii moja. Hansen mwenyewe mwaka 1908 aliiita Saccharomyces carlsbergensis, na wanasayansi wa leo wanaihesabu ndani ya Saccharomyces pastorianus. Imegundulika kwamba ni chotara. Mzazi mmoja ni hamira mwitu anayependa baridi. Mzazi wa pili ni Saccharomyces cerevisiae, ambaye unamfahamu fika: ndiye yule aliye ndani ya paketi ya hamira ya mama wa mahamri. Kenya Breweries ilipoanzishwa mwaka 1922, na Tusker ikapewa jina lake baada ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi, kuuawa na ndovu mwaka 1923, elimu ya kulea hamira safi ilikuwa tayari na umri wa miaka 40.

Si wote waliompokea Hansen kwa mikono miwili. Waingereza wengi wenye bia zao za kuchachuka juu walimkatalia, wakisema bia yao inataka mchanganyiko, aina moja peke yake inaifanya iwe bapa. Kusema kweli hawakuwa wamekosea kabisa. Ziko bia mpaka leo zinazopata utamu wake kutoka kwa hamira wengi, na ukimletea mgema hamira safi ya Carlsberg aitie kwenye mnazi atakucheka.

Chupa iliyosahauliwa

Hansen alikuwa amemwoa Mathilde Melchior mwaka 1880. Umaarufu ulimfikia, watengeneza bia na wanasayansi wakawa wanakuja Copenhagen kujifunza kwake, lakini aliendelea na hamira zake: jinsi zinavyotengeneza mbegu, jinsi zinavyobadilika, na bakteria wa siki wanavyotofautiana. Alifariki Agosti 27, 1909, akiwa na miaka 67, na bado ndiye mkuu wa ile idara aliyoipokea miaka 30 nyuma.

Mwaka 2013, watu wa Carlsberg wakiwa kwenye pishi lao la zamani waliokota chupa kuukuu ya bia ya enzi ile ya 1883. Wanasayansi wa maabara ile ile wakaichunguza wakakuta seli za hamira zingali hai. Wakazitoa, wakazilea kwa ngazi kama alivyofundisha mwenyewe, na mwaka 2016 wakapika nazo bia na kuinywa.

Jirani yangu naye amejaribu tena. Safari hii hamira ilikuja kwa basi la usiku, ndani ya chupa ya chai ya kuhifadhi baridi, imezungukwa na barafu, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa amesimama stendi kuipokea. Nusu lita ya kwanza ilikaa kwenye beseni jikoni siku nzima, yeye akiitikisa kila akipita, mama mwenye nyumba akiuliza mara tatu ile ni dawa ya nini. Usiku alinigongea mlango nikaangalie. Chini ya chupa palikuwa na tabaka jeupe nene kama kidole, na povu limesukuma kifuniko cha karatasi mpaka kikaanguka.